Namba zinapofurika ndani ya Cython

Python ya kawaida imetudekeza. Namba kamili hukua kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu, hivyo mtu anaweza kuandika Python miaka mingi bila kuwaza namba inaishia wapi. Ukihamishia msimbo huo Cython (zana inayogeuza msimbo wa aina ya Python kuwa wa lugha ya C ili uende kasi) na kuandika `cdef int`, yaani kutangaza namba kamili ya aina ya C, ulinzi huo umekwisha. Kwenye kompyuta zetu `int` ya C ina biti 32, na kikomo chake ni 2,147,483,647.

Chukua hesabu za duka zinazotunzwa kwa senti. Mfuko wa saruji ni shilingi 15,000, na mteja anataka mifuko 2,000:

```
cdef int bei = 1500000
cdef int idadi = 2000
cdef long long jumla = bei * idadi
```

Jumla sahihi ni senti 3,000,000,000. Kwa kawaida utapata -1,294,967,296, na programu itaendelea na kazi bila kulalamika. Wengi wakiona `long long` (aina pana ya biti 64) upande wa kushoto hutulia. Lakini C huzidisha kwanza `int` kwa `int`. Namba inafurika (inazidi kikomo cha `int`) hapohapo, kisha jibu lililokwisha kuharibika ndilo linalowekwa kwenye nafasi pana. Tibu upande wa kulia: `<long long>bei * idadi`, au bora zaidi, tangaza `bei` yenyewe kuwa `long long`.

Ukikutana na `OverflowError: value too large to convert to int`, ujue kosa limetokea mpakani, namba ya Python ilipokuwa inaingizwa kwenye `int` ya C. Hilo ni kosa la heri. Usilifunike kwa `except` inayorudisha sifuri! Mpaka huo Cython huukagua yenyewe, ila hesabu za ndani haizikagui hadi uiagize: `# cython: overflowcheck=True` juu ya faili, au `@cython.overflowcheck(True)` juu ya fanksheni moja. Kasi hupungua kiasi. Mimi huiwasha kwenye faili zima wakati wa majaribio, na kwenye fanksheni za fedha siizimi kamwe.

Kwa walio bado kwenye matoleo ya kabla ya Cython 3.0: fanksheni ya `cdef int` isiyo na `except? -1` (tamko kwamba -1 inaweza kuashiria kosa) huchapisha onyo tu, hulimeza kosa na kurudisha 0. Ukaguzi wote unakuwa kazi bure.

Numba, zana nyingine inayoharakisha fanksheni za Python, haina swichi ya namna hiyo. Faktoria ya 20 inaenea kwenye biti 64. Ya 21 inakupa -4249290049419214848, kimya kimya. Huko nakagua kabla ya kuingia: `n` ikizidi 20, hesabu inarudi kwa `math.factorial` ya Python.