Laini ya stima ikija kijijini: dhana potofu kuhusu vibali vya mazingira

"Vigingi vimeshapigwa, mambo yameisha." Kauli hii husikika Gilgil na husikika Muhoroni kila wapimaji wanapoonekana mashambani, na ndiyo inayotugharimu zaidi. Vigingi ni pendekezo la njia tu. Kwa Sheria ya Mazingira ya Kenya ya 1999, laini ya msongo mkubwa haijengwi kabla NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, haijatoa leseni, na leseni hutanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira. Kipindi hicho ndicho mnara unapoweza kusogezwa kwa urahisi, maana kukwepa kisima au makaburi ya familia bado ni kazi ya kuchora mstari upya. Zege likishamwagwa, umechelewa.

"Baraza ni la kupiga muhuri." Si kweli. Maoni ya wananchi lazima yaonekane katika ripoti ya tathmini hiyo. Juni 2019, jopo la kitaifa linalosikiza rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu mojawapo ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo chifu akiita baraza, nenda, na useme kwa kutaja mahali: hapa mto Nyando hufurika, pale tumezika wazee. "Hatutaki" peke yake haimsaidii mtaalamu kuhamisha nguzo. Hakikisha ulichosema kimeandikwa. Leseni ikitoka nanyi hamjaridhika, mna siku 60 za kukata rufaa.

"Mambo ya ndege ni ya watalii." Dhana hii inaniuma. Heroe huhama kati ya maziwa ya Bonde la Ufa usiku, na Nakuru, Elmenteita na Bogoria yote yamo katika Urithi wa Dunia tangu 2011. Juu kabisa ya minara kuna waya mwembamba wa kukinga radi. Ndege huziona nyaya nene za umeme, hupaa ili azipite, kisha hugonga ule mwembamba asiouona. Korongo wenye taji, wanaokula katika majaruba na vinamasi vya magharibi, ni wazito na hawageuki upesi angani, kwa hiyo nao wamo hatarini. Ndiyo maana mpimaji makini husimama alfajiri na jioni akihesabu ndege na kukadiria kimo wanachoruka, tena katika misimu tofauti. Wiki moja ya kiangazi haitoshi. Majibu yake ndiyo huamua njia ibadilishwe, au waya ufungwe vibao vinavyoonekana kwa mbali.

"Leseni ya NEMA ni ruhusa ya kuingia shambani." Hapana, ardhi ina mkondo wake wa makubaliano na fidia. Upana wa ukanda wa laini ya kilovolti 132 huwa kama mita 30, wa 220 mita 40, wa 400 mita 60. Shamba linabaki lako: mahindi na maharagwe unapanda, nyumba na mikaratusi hapana. Wakulima wa miwa waulize mapema kuhusu kuchoma shamba kabla ya kuvuna, kwani moto na moshi mzito chini ya nyaya huweza kufanya umeme uruke hadi ardhini.

"Ikipita kwetu tutawashiwa stima." Umeme wa kilovolti 220 hauingii nyumbani. Lazima upunguzwe kwenye kituo kama Lessos, kisha Kenya Power isambaze kwa mradi mwingine. Anayewaahidi transfoma kwa sababu ya minara, mwambieni aiandike ahadi hiyo ndani ya ripoti.