Siku ya kutoka soba

Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu, sauti imejaa furaha. Mwanawe anamaliza miezi minne yake kwetu soba Ijumaa. "Nimpikie biriani au pilau?" Nikamwuliza kijana atalala wapi. Akashangaa. "Chumbani kwake, mwanangu. Kwani wapi tena?"

Dirisha la chumba hicho linatazama maskani alikokuwa akinunua kete za heroini.

Mimi ni mshauri nasaha katika nyumba ya upataji nafuu kwa wanaoacha dawa za kulevya hapa Unguja, yaani soba. Wengi hudhani kazi ngumu ni kumvusha mtu arosto, yale mateso ya mwili unapokosa ulichouzoesha. Arosto ya unga, yaani heroini, ni mateso kweli: kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kuhama kabisa. Lakini kwa kawaida ndani ya wiki moja makali yake yameshapita. (Pombe ni habari nyingine. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aanzie hospitali, na soba inayompokea bila kumuuliza anakunywa kiasi gani inacheza na roho ya mtu.)

Mimi naogopa zaidi siku ya kutoka. Aliyekuwa akivuta au kujidunga kila siku, mwili wake ulishaizoea sumu, ndiyo maana alikuwa akiongeza kipimo kila kukicha. Akikaa miezi minne bila kugusa, mazoea yale yanaondoka. Kichwani, hata hivyo, kipimo cha zamani bado anakikumbuka. Heroini hupooza sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi, kwa hiyo kete ambazo mwaka jana zilimtuliza tu, leo zinaweza kumzima. Mtu aliyetoka soba au gerezani juzi yuko hatarini kuliko yule ambaye hajawahi kuacha. Familia nikiziambia hivi zinanitazama kama mchawi.

Halafu fikiria maisha ya ndani. Tunaamka pamoja, tunaswali, tuna vikao, tunasoma zile hatua 12 za kuacha ulevi, kuna zamu ya jikoni na ya kufagia. Fedha huna, na simu huna. Kila kitu umeamuliwa. Ijumaa unafunguliwa mlango, na kufika jioni mjomba ameshakutilia elfu kumi mfukoni kwa kukufurahia.

Kinachokosekana ni kituo cha katikati, nyumba ya mpito. Mfano ninaoupenda uko Marekani. Mwaka 1975, huko Silver Spring, Maryland, nyumba ya waliokuwa wakiacha pombe ilitakiwa kufungwa. Wakazi wakaikodi wenyewe, wakaiita Oxford House. Hakuna msimamizi wa kulipwa. Wanachangia kodi, wanachagua viongozi wao kwa kura, na hakuna anayepangiwa tarehe ya kuondoka. Ukitumia, unatoka. Asubuhi unakwenda kazini kama mtu yeyote, jioni unarudi kwa watu watakaoona machoni mwako kama umeteleza. Hapa kwetu vijana watatu wenye vibarua wakikodi nyumba ya vyumba viwili mbali na maskani zao za zamani, tayari wameshaanza.

Sasa nitawaudhi wenzangu. Soba nyingi hazimpokei anayekunywa methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya heroini, eti bado "anatumia". Dawa hii imekuwa ikitolewa Muhimbili tangu 2011, na baadaye ikafika hospitali ya Kidongo Chekundu, hapa Unguja. Mtu anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto inatulia, anaweza kushika kazi. Akikosa pa kulala, anarudi maskani na dozi yake tumboni. Nimewazika wawili wa namna hiyo. Sijamzika hata mmoja kwa sababu alikaa nyumba moja na wasiotumia methadoni.

Wanawake ndio wana shida zaidi, maana nyumba zao ni chache mno, na kaka anayesamehewa kwa biriani ana dada ambaye hakuna anayemwita nyumbani.

Na yule mama? Tulizungumza karibu saa nzima. Alilia kidogo, akanikasirikia kidogo. Mwishowe tukakubaliana kijana abaki nasi miezi miwili zaidi, mchana akijifunza useremala kwa fundi tunayemwamini, ujira wake tukimwekea. Ijumaa alikwenda kwao baada ya sala, akala biriani, na saa kumi na moja mama mwenyewe akampandisha daladala ya kurudi.