Hoteli zinapoula ufukwe

Nikipewa ramani ya mji wa mapumziko ulio ufukweni, sianzi na hoteli. Kazi yangu ya mipango miji imenizoesha kutafuta kwanza njia ya kufika huko, kisha mchanga.

Njia ndiyo huuzaa mji. Brighton, Uingereza, ilipokea matajiri waliofuata tiba ya maji ya bahari tangu karne ya 18, lakini treni ya London ilipofika mwaka 1841, watu wa kawaida nao wakaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Miami Beach, Marekani, ilikuwa kisiwa chembamba cha mikoko na mchanga. Daraja la mbao la John Collins, lenye urefu wa kilomita 4 hivi, lilikamilika mwaka 1913. Mwaka 1915 mahali hapo palikuwa tayari mji kisheria. Mikoko ilikatwa, na mchanga uliochimbwa kwenye ghuba ukajaziwa viwanja.

Hapo ndipo huanza kosa linaloniuma, kwa sababu nimeliona likirudiwa mara nyingi. Chumba kinachotazama bahari hulipiwa zaidi, basi kila mwenye kiwanja huisogeza hoteli yake hadi karibu na maji. Ila ufukwe hautulii. Dhoruba huchota mchanga wa matuta ya nyuma na kuulaza chini ya maji, kisha mawimbi madogo ya siku shwari huurudisha taratibu. Ukijenga juu ya tuta, umeifungia akiba hiyo chini ya zege. Bahari ikikaribia, unajenga ukuta. Wimbi lililokuwa likichoka kwenye mteremko wa mchanga sasa linaugonga ukuta na kurudi na nguvu zake, likichimba mchanga ulio mbele ya ukuta. Jirani naye akiona mchanga wake unapungua, anajenga wa kwake.

Kufikia miaka ya 1970, sehemu kubwa ya ufukwe wa Miami Beach ilikuwa imetoweka. Kati ya 1976 na 1981 mchanga ulivutwa kutoka chini ya bahari ukamwagwa kwenye kilomita 16 hivi za ufukwe, na tangu hapo umelazimika kuongezwa tena na tena.

Kwa hiyo mstari wangu wa kwanza kwenye mpango huwa ni wa kikomo cha ujenzi kuelekea baharini, nami huupima kuanzia nyuma ya tuta, si kutoka pale maji yalipofika siku ya upimaji.