Kwa nini seva yenye kadi mbili za mtandao huonekana kugombea anwani na yenyewe?

Msimu wa korosho uliopita niliitwa kwenye ofisi moja hapa Mtwara. Seva yao ndiyo inayotunza uzito wa magunia yanayoingia ghalani, na asubuhi hiyo kompyuta tatu zilikuwa zinaipata, mbili haziipati kabisa. Kijana wa pale alikuwa ameshahangaika tangu jana yake kutafuta kifaa kilichochukua anwani ya seva, 192.168.10.5. Alizima printa, akaondoa simu zote kwenye mtandao. Hakukuwa na mgeni.

Kwenye kompyuta nyingine niliendesha programu ya arping, inayouliza mtandaoni nani mwenye anwani fulani. Yalirudi majibu mawili, kila moja na anwani yake ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi yenyewe. Tukalinganisha na kadi za seva: zote mbili zilikuwa zake.

Itifaki ya ARP, utaratibu ambao kompyuta hutumia kujua anwani fulani iko kwenye kadi ipi, ilichapishwa mwaka 1982; inapiga hodi mtaa mzima na kungoja mwenyewe aitike. Sasa chukua nyumba ya Mikindani yenye mlango wa barazani na mlango wa uani. Wengi wetu tunadhani anwani ya IP, kama ile 192.168.10.5, imebandikwa mlangoni, yaani kwenye kadi. Mfumo endeshi wa Linux, kama wa seva ile, usipobadilishwa mipangilio, unaihesabu kuwa ya nyumba nzima. Kadi mbili zikiwa kwenye swichi moja (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao), hodi inasikika kote kuwili, na kila mlango unaitika: ndimi!

Kompyuta iliyouliza inashika jibu moja na kulitunza kwa muda. Iliyoshika la kadi ya pili inapeleka data huko, na kama seva imewashiwa ukaguzi mkali wa njia (rp_filter yenye thamani 1), data hiyo inatupwa kimya kimya kwa kuwa imeingilia mlango ambao jibu lake halitapitia. Ndiyo maana wengine wanapata huduma, wengine wanakosa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Hilo ndilo linalomchosha fundi.

Dawa ninayoiamini ni kuipa kila kadi mtandao wake, mathalani 192.168.10 kwa moja na 192.168.20 kwa nyingine, zikiwa swichi tofauti au VLAN tofauti, yaani swichi moja iliyogawanywa kuwa mitandao inayojitegemea. Ikiwa lazima zikae pamoja, weka mipangilio ya Linux iitwayo arp_ignore iwe 1 na arp_announce iwe 2, kila kadi iitikie anwani yake tu. Aliyetaka kebo mbili ili moja ikikatika nyingine ibebe, aziunganishe kadi ziwe kitu kimoja chenye anwani moja.

MAC ya pili isipokuwa ya seva, hapo kweli kuna mgeni. Mara nyingi ni printa iliyoandikiwa anwani kwa mkono ndani ya fungu la anwani ambalo ruta inaligawa kwa vifaa.

Pale ofisini kebo ya pili haikuwa na kazi yoyote. Ilichomekwa kwa sababu tundu lilikuwa wazi. Tukaichomoa, tukafuta majibu ya zamani kwenye zile kompyuta mbili, na arping ikarudisha jibu moja.