Kimaori na Kimalei: undugu uliojificha mwishoni mwa maneno

Mswahili akifika Kuala Lumpur, Malaysia, hujisikia nyumbani upesi mno. Watu hujuliana hali kwa "Apa khabar?", chakula huandaliwa juu ya meja, kinachopepea mlingotini ni bendera, na ulimwengu wote huitwa dunia. Jua halijatua ameshaamini kwamba Kimalei, lugha ya huko, na Kiswahili ni ndugu. Si ndugu. Khabar na dunia ni Kiarabu, meja na bendera ni Kireno. Wafanyabiashara na mabaharia walewale walipita bandari zao na zetu. Ndugu wa damu wa Kimalei yuko mbali, na ukimsikia mara ya kwanza humdhanii: ni Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand, nchi ambayo wenyewe huiita Aotearoa.

Lugha hizi mbili ni za familia ya Kiaustronesia, yenye lugha zaidi ya 1,000 kuanzia Madagaska hadi kisiwa cha Rapa Nui, mashariki ya Bahari ya Pasifiki. Wataalamu wengi huweka chimbuko lake Taiwan, yapata miaka 5,000 iliyopita. Wazee wa Wamaori walifika Aotearoa kwa mitumbwi mnamo karne ya 13, lakini binamu hawa walikuwa wameachana milenia kadhaa kabla ya hapo. Mmalei na Mmaori wakikutana leo hawaelewani hata kidogo.

Undugu tunaujuaje basi? Sikiliza. Tano kwa Kimalei ni lima, kwa Kimaori rima. Mbili ni dua na rua. Mbingu ni langit na rangi, sikio ni telinga na taringa. Katika maneno haya, palipo na l au d kwa Kimalei, Kimaori kina r. Moto ni api na ahi, jiwe ni batu na whatu, tunda ni buah na hua: pale Mmalei anapofumba midomo kutamka p au b, Mmaori hupuliza tu. Neno moja kufanana ni bahati, na kila jozi ya lugha duniani ina bahati zake. Tofauti inayojirudia kwa utaratibu, neno baada ya neno, ndiyo inayomshawishi mwanaisimu.

Tazama sasa miisho. Kimalei huruhusu neno kuishia na konsonanti. Kimaori, kama Kiswahili, hutaka irabu. Samaki ikan akabaki ika, langit ikabaki rangi. (Ndiyo maana gari la Waingereza liliitwa motokā kule na motokaa huku, bila watu wetu kushauriana.) Lakini konsonanti hizo hazikufa zote, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wapunguze mwendo.

Kunywa kwa Kimalei ni minum, kwa Kimaori ni inu. Ile m ya mwisho imekwenda wapi? Geuza kitenzi cha Kimaori kiwe katika hali ya kutendwa: inumia, "kunywewa". Imerudi! Kilio kwa Kimalei ni tangis. Kulia kwa Kimaori ni tangi, na "kuliliwa" ni tangihia, ambamo s ya kale imegeuka h. Neno likisimama peke yake konsonanti hujificha. Likipata kiambishi cha kuikinga, hutokeza.

Anayeona jambo hili ni la ajabu ajisikilize mwenyewe. Tunasema chukua, lakini chukuliwa. Nunua, lakini nunuliwa. Zaa, lakini zaliwa. Ile l hatukuibandika sisi. Ilikuwamo tangu kale, Kiswahili kikaidondosha ilipokuwa kati ya irabu mbili za mwisho, kikaisahau ndani ya kutendwa. Mzulu bado anaitamka waziwazi: zala.

Watu huniuliza ni ipi kati ya Kimalei na Kimaori iliyobaki karibu zaidi na lugha ya kale iliyozizaa. Swali zuri, jibu gumu. Kwa sauti Kimaori kimepoteza mengi: kina konsonanti kumi tu. Kwa hesabu hali inapinduka. Tatu, saba, nane na tisa za Kimaori, yaani toru, whitu, waru na iwa, ni urithi wa kale kabisa, ilhali Kimalei kimezitupa na kushika tiga, tujuh, delapan na sembilan. Hiyo sembilan maana yake ya asili ni "moja imetwaliwa", kutoka kwenye kumi. Tusiwacheke: sisi wenyewe tulichukua sita, saba na tisa kwa Waarabu, kenda tukawaachia wazee, na saba yetu ya zamani imebaki kwa maharusi walio kwenye fungate.

Kuna jambo ambalo lugha zote mbili zimelitunza na ambalo mimi nalionea wivu. "Sisi" yetu haisemi kama unayeambiwa umo. "Tumealikwa arusini," anasema jirani, nawe hujui ukatafute kanzu au ukae kimya. Mmalei angesema kita ukiwa umo, kami ukiwa humo. Mmaori ana tātou na mātou kwa kazi hiyohiyo, kisha ana tāua na māua iwapo wahusika ni wawili tu.

Aliyeziweka kanuni za sauti za familia hii kwenye msingi imara alipitia Tanzania. Otto Dempwolff alikuwa daktari katika utumishi wa kikoloni wa Kijerumani. Mwaka 1916 alichapisha utafiti juu ya Kisandawe, lugha ya sauti za kidoko ya Tanzania ya kati. Baadaye, akiwa Hamburg, alikofundisha pia Carl Meinhof, bingwa wa Kibantu linganishi, alitoa kazi yake kubwa juu ya Kiaustronesia kati ya 1934 na 1938.

Na ukoo wenyewe hauko mbali nasi. Kwa Kimalagasi tano ni dimy, mbingu lanitra, jiwe vato, moto afo. Lakini ng'ombe wao ni omby, kuku ni akoho, na mbwa ni amboa. Hao waliwatoa upande wetu wa bahari.