Shimesikio Imezima: Kabla Hujadai Nyingine

Kila inapokaribia Siku ya Usikivu Duniani, Machi 3, kliniki za masikio hupokea malalamiko yaleyale: shimesikio, yaani mashine ya kumsaidia mtu kusikia, imekufa mapema, kwa hiyo mgonjwa alipewa feki. Malalamiko yanapokelewa na kila mashine hukaguliwa. Lakini nyingi zinazoletwa zikidaiwa kufa huwa zimeziba kwa nta ya sikio, zimeingia unyevu au zimewekewa betri isiyo yake. Na zipo zinazowaka vizuri tu, mwenyewe anajisifu ina miaka tisa, kumbe usikivu wake umeshuka na mashine haimsaidii tena.

Kwa kawaida shimesikio hudumu miaka 3 hadi 7. Ya nyuma ya sikio huishi zaidi kuliko ya kuingia ndani ya tundu, kwa kuwa mitambo yake iko mbali na nta. Miaka peke yake haitoshi kuamua kubadilisha. Kinachoamua ni kipimo.

Anza na betri. Yenye stika ya chungwa ni namba 13, hukaa takriban wiki moja hadi mbili. Ya bluu ni namba 675, ya mashine zenye nguvu, na huweza kufika wiki tatu. Betri hizi hufanya kazi kwa kuvuta hewa. Ukibandua stika, iache wazi dakika moja au mbili ndipo uiweke. Ukishabandua, imeanza kuisha hata usipoitumia, na kurudishia stika hakusaidii. Usiku fungua mlango wa betri ili unyevu utoke.

Unyevu ndio adui mkubwa huku kwetu ziwani, hasa miezi ya mvua. Anayefanya kazi mwaloni Kibirizi au Katonga, hapa Kigoma, aivue kabla ya kupanda mtumbwi, aiache nchi kavu ndani ya kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti navyo hushiba maji, vibadilishwe. Ikilowa, toa betri mara moja, ikung'ute, ifute, iache kivulini hadi kesho yake. Usiianike juu ya bati wala kuisogeza karibu na jiko.

Ikipiga mluzi, watu husema imeharibika. Mara nyingi kizibo (kile kipande kinachoingia sikioni) hakijakaa vizuri, sikio lina nta, au kimrija kinachopitisha sauti kutoka kwenye mashine hadi kwenye kizibo kimepasuka. Kimrija kikigeuka njano na kukakamaa, sauti hufifia. Hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6, na kazi hiyo ni ya dakika chache. Kizibo kichomoe kwenye mashine, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, pulizia maji yatoke kwenye kimrija, kikauke usiku kucha. Usitumie spiriti. Mashine yenyewe haioshwi, hufutwa kwa kitambaa kikavu. Mtoto sikio lake linakua, kwa hiyo kizibo chake hubadilishwa mara kwa mara, wachanga hata kila miezi michache, mashine ikabaki ileile.

Kubadilisha mashine yenyewe kunahitajika pale inapokatakata sauti hata baada ya kufanyiwa matengenezo, chumba cha betri kikiwa kimeliwa na kutu, vipuri vikiwa havipatikani tena, au kipimo kikionyesha usikivu umeshuka kupita uwezo wake. Kipimo kifanyike angalau mara moja kwa mwaka.

Unapokuja, leta mashine pamoja na kizibo chake, betri uliyokuwa ukitumia, kadi ya kliniki, karatasi ya kipimo cha awali na risiti kama ulinunua. Nta itatolewa kwanza, maana kipimo cha sikio lililoziba ni cha uongo. Kisha utapimwa usikivu, mashine itapimwa peke yake, halafu namba ya utambulisho iliyoandikwa kwenye mashine italinganishwa na ya kwenye kadi. Namba zisipolingana, huduma ya waranti haitolewi. Vilevile waranti hufutika mashine ikifunguliwa na fundi simu, na mara nyingi haigusi uharibifu wa maji. Hili limeelezwa mara nyingi, na bado mashine zinaletwa zimeunguzwa na hita za mafundi hao.

Kurithishana nako kukome. Babu akifariki, mashine yake hupewa bibi au mjukuu asiyesikia vizuri. Shimesikio si kanga ya kuachiana: imepangwa kwa usikivu wa mtu mmoja, na sauti iliyomfaa babu inaweza kumuumiza mtoto.

Kuhusu vile vikuza sauti vinavyotembezwa mitaani: chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, kifaa tiba husajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kabla ya kuuzwa. Anayeuza kisichosajiliwa anatenda kosa. Bidhaa hukamatwa na yeye anaweza kufikishwa mahakamani. Ukikitilia shaka, tunza boksi na risiti, ndivyo vielelezo.

Betri zilizokwisha zisitupwe motoni wala kuachwa mezani. Mtoto akimeza, hata akionekana mzima, mwahishe hospitali saa hiyohiyo, na usimtapishe. Ukipata shimesikio mpya, ya zamani nayo ilete: kama bado ina nguvu inayokufaa, itapangwa upya kwa kipimo chako cha sasa, ubaki nayo ya akiba.