Sikoseli si ya upande wa mama: maswali kuhusu mabadiliko ya jeni

Mtoto wangu ana sikoseli. Mawifi zangu wanasema nimewaletea ugonjwa kwenye ukoo. Ni kweli?

Si kweli, mama, na swali hili huniuma kila ninapolisikia hapa Mwanza. Mtoto hawi na sikoseli, yaani SS, mpaka apokee jeni mbili zenye kasoro: moja ya baba, moja ya mama. Aliyepokea moja tu anaitwa AS. Huyo kwa kawaida ni mzima, analima, anavua, na anaweza kuzeeka bila kujua alichobeba. Mkikutana AS wawili, katika kila ujauzito kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kupata mtoto SS, 2 kati ya 4 kupata AS, na 1 kati ya 4 kupata AA, yaani asiye na jeni hiyo yenye kasoro. Nasema kila ujauzito: kuzaa mmoja mwenye SS hakuwakingi wanaofuata. Hesabu huanza upya.

Hiyo kasoro yenyewe ni nini?

Jeni ni maagizo ya kuujenga mwili, yaliyoandikwa kwa herufi nne za DNA. Katika maagizo ya kutengeneza hemoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, herufi moja imebadilika: palipotakiwa A pana T. Ni hiyo moja tu. Lakini chembe nyekundu ikishatoa oksijeni, hemoglobini hiyo hushikana na chembe hujipinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndiyo maana wataalamu wanauita selimundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii huishi 10 hadi 20. Hapo damu hupungua na macho huwa ya manjano. Chembe zikiziba mishipa midogo, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima asingeyavumilia. Hajarogwa.

Mbona huku Kanda ya Ziwa ni wengi?

Kwa sababu ya malaria. Mwenye AS hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kwa vizazi vingi watoto wa AS walipona pale wengine walipokufa, nao wakairithisha jeni hiyo. Angalizo: kinga hiyo ni ya AS. Kwa mtoto wa SS malaria ni hatari sana.

Basi kila badiliko la jeni ni ugonjwa?

Hapana. Mengi hayana athari yoyote. Ualbino nao hutokana na jeni zilizobadilika kutoka kwa wazazi wote wawili: mwili hautengenezi rangi ya kutosha, basi ngozi inahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, na macho yanahitaji kupimwa. Mwenye ualbino ni binadamu kamili.

Tena mengine huleta viumbe vipya. Waangalie furu, samaki wadogo wa ziwa letu, Victoria. Kwenye visiwa kama Makobe, furu wa maji ya juu madume yao ni ya bluu. Wa chini kidogo, ambako mwanga unaofika ni mwekundu zaidi, ni mekundu. Wanatofautiana hata kwenye jeni ya macho inayopokea mwanga mwekundu, na majike huchagua madume kwa rangi. Huyo mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu.

Mtoto wangu mwenye sikoseli nimtunzeje?

Kliniki asikose, hospitali ya Bugando ipo hapa Mwanza, hata akionekana mzima. Penisilini ya kila siku anywe mpaka angalau miaka 5, pamoja na foliki asidi. Chandarua kila usiku, maji mengi, asipigwe baridi. Muulize daktari kuhusu dawa ya haidroksiyurea, inapunguza maumivu. Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ukiona imevimba ghafla na mtoto amepauka, au ana homa, usingoje asubuhi.